Chumba cha kwa Baba

"Wiki mbili kwa mama yake, wiki mbili kwangu," mlinzi wa ghala alimwambia afisa wa ustawi wa jamii. "Kama tunalea nusu kwa nusu, naomba na pesa za matunzo zipunguzwe."

Hoja ilikuwa na mashiko. Hata mtalaka wake, aliyekaa pembeni, aliitikia kwa kichwa.

Afisa alimgeukia binti yao wa miaka saba, akampa penseli. "Hebu nichoree unapolala kwa baba."

Mtoto akachora kitanda, dirisha na mlango. Kisha akatoa ncha ya ulimi, kama kawaida yake akitia bidii, akakoleza kitu kidogo upande wa nje wa mlango.

"Na hiki ni nini, mwanangu?"

"Kufuli. Baba akienda lindo ananifungia mpaka asubuhi. Nikiita, hakuna anayekuja."

Mlinzi akaanza kueleza kwamba alikuwa anamkinga na wezi.

Afisa alifunga jalada la maombi, akainua simu.

"Mama, mtoe mtoto nje," alisema kwa upole. "Baba, wewe baki."