Futa Iliyochelewa

Katika mji wao, neno la mwenye nyumba likishaandikwa kwenye faili la kaya huwa amri, na mlango huitii. Zamani kuandika kulichukua nusu dakika, na aliyeteleza ulimi aliwahi kusema "futa" kabla neno halijaandikwa. Kisha Rukia, mtunzi wa programu, akabuni msimbo unaoandika kila neno papo hapo. Alisifiwa sana.

Jumamosi asubuhi, katika nyumba iliyoandikwa kwa jina lake, aligombana na mumewe, Hemedi, aliyekuwa akienda kumwona mama yake mgonjwa.

"Hutoki humu ndani!" Rukia alifoka. Hapohapo akajuta. "Futa! Futa!"

Mlango ulikuwa umeshajifunga.

Akapiga simu kwenye idara inayotunza mafaili ya kaya. "Dada," karani akamjibu kwa upole, "amri haitenguliwi kwa neno jingine. Aliyefungiwa aje mwenyewe atie saini."

"Atakujaje, naye amefungiwa?"

"Ndio utaratibu, dada."

Siku ya nne ikaja habari ya msiba. Mama alikuwa azikwe alasiri. Rukia akamsogelea mumewe, akafungua kinywa amwombe radhi. Hemedi akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nakuomba," akanong'ona, "usiseme kitu."