Sarafu ya Saba

Bibi Tupokigwe alikuwa amekwisha kusugua sarafu sita kwa majivu alipoona kwamba jicho la tembo aliyechorwa kwenye ile ya sita limefifia.

Akaisogeza sarafu dirishani. Fedha yake ilimeremeta kama sufuria ya harusi, lakini usoni ilijaa mikwaruzo myembamba kama nywele. Ndipo alipokumbuka jinsi mwalimu, mpangaji wake, anavyozishika sarafu hizi: ukingoni tu, kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba kifaranga cha siku moja.

Alitaka kumfurahisha. Tangu masika yaanze, mwalimu humchotea maji kila asubuhi bila kuombwa. Chumba chake kilipovuja, alimpa bibi sarafu zake amtunzie. Unyevu wa Tukuyu ukazitia madoa meusi, naye bibi akazitoa kwenye vikopo vyake vya plastiki azisafishe.

"Hodi, Bibi. Nimekuletea parachichi."

Hakupata pa kuzificha. Mwalimu aliiona sahani ya majivu, akaviona vikopo vitupu. Akaokota sarafu moja, akaigeuza kwenye mwanga. Alikuwa akinunua moja kila mwaka tangu aajiriwe, za kuhifadhiwa bila mkwaruzo hata mmoja.

"Umesugulia nini, Bibi?"

"Majivu ya mgomba, mwanangu. Zilikuwa zimechafuka." "Nimeziharibu?"

Mwalimu akavitazama vidole vya bibi, vyeusi, vimechubuka kwenye kucha. Kisha akafungua kikopo cha saba, akaitoa sarafu, si kwa ukingo tena bali dole gumba lake likikandamiza uso wa tembo, akamwekea bibi kiganjani.

"Hii umeisahau."