Wepukhulu Haangalii Nyuma

Kabla ya kuwasha trakta, Wepukhulu alishika ile kioo ya pembeni akaigeuza ikaangalia mawingu.

"Sasa nyuma utaonaje?" Kibet akamuuliza. Kibet ni fundi wa gereji ya Kiplombe, na ndiye alikuja na chuma ya kuvuta gari.

"Wewe ndio utaniambia. Kaa hapo kwa madigadi, juu ya tairi, uso nyuma."

Haya. Watu wako na mambo yao. Asubuhi hiyo Musimbi, bibi ya Wepukhulu, alipigiwa simu: lori ya kanta imekufa hapa Turbo na magunia arobaini ya mahindi. Akamtuma bwana yake na trakta. "Ifike gereji bila hata mkwaruzo," akamwambia, "na usiniletee aibu."

Basi Wepukhulu akafika, akashuka na ule upande wa mbali, kofia imeshuka mpaka kwa pua. Dereva wa kanta naye akakaa tu kwa usukani, kioo amefunga. Salamu hakuna.

Tena Wepukhulu alitaka kuvuta na kamba, ndefu, mita kumi hivi.

"Kamba na mteremko?" Kibet akacheka. "Injini ikizima, breki ya kanta inakuwa ngumu kama jiwe. Itakupanda mgongoni, mzee! Tunafunga chuma."

Wakafunga chuma na pini. Wakatoka mosmos, polepole, giya ya pili, malori yakiwapita na kelele.

"Inafuata?"

"Inafuata. Na dereva anakuangalia kisogo."

Wepukhulu akazamisha shingo kwa kola kama kobe.

Wakaingia mteremko. Kanta ikaanza kusukuma trakta. Mara Kibet akaruka: "Pini ya chuma inatoka! Geuka uone!"

"Sigeuki! Imetoka kiasi gani?"

"Nusu! Wewe mtu, tutakufa!"

Mtu mwingine yeyote angegeuka. Wepukhulu jasho lilimtoka mpaka kwa viatu, lakini macho ilibaki mbele. Akapunguza mwendo kidogo, kidogo tu, asishtue ile chuma. "Mwambie akanyage breki na miguu zote mbili!"

Kibet akapiga mayowe. Nyuma huko breki ikakanyagwa kweli kweli, na magari mbili zikasimama pamoja, taratibu, kama ng'ombe za nira moja. Kibet akashuka, akagonga pini na nyundo ikarudi, wakaendelea.

Walipokaribia Kiplombe, fundi akashindwa kunyamaza. "Kwani huyu mtu alikukosea nini?"

"Kunikosea?" Wepukhulu akashangaa. "Huyo alinipatia kitu hakuna mwingine dunia hii angeweza kunipatia."

Kwa gereji, mlango ya kanta ikafunguka. Akashuka mama mmoja mnene, akajifunika uso na leso, akamwita fundi.

"Kijana, mwambie mkwe wangu, huyo bwana ya Musimbi, amenivuta vizuri sana. Mila haitaki tuonane uso, sasa ajifiche nyuma ya hiyo tairi, nipite niende choo."