Mkono wa Nani?

Pini tatu zilikuwa zimelala tena.

Fundi Saa alibana lenzi jichoni, akazihesabu upya. Jana mchana alizinyoosha zote kwa kibano, moja baada ya moja, jasho likimtoka kama mpagazi. Kisha prosesa ile, kijiwe cha kompyuta chenye pini hizo, kisichozidi biskuti kwa ukubwa, akaifunika kwa bakuli juu ya meza ya chumbani. Leo zimelala, na wala si zile za jana.

"Kuna mkono wa mtu humu ndani," alimwambia mkewe.

"Mkono wa nani?"

"Wa nani tena? Wa mkaza mwanao."

Ndiye aliyemletea kazi yenyewe, wiki tatu nyuma. "Baba, kompyuta yangu imekufa. Mafundi wote wamenyoosha mikono. Wewe umefungua saa za watu miaka arobaini." Mzee alikuwa ametoka kupigwa na kiharusi, mkono wa kulia unaning'inia kama wa kuazima. Alikubali, maana tangu augue hakuna aliyemwomba hata kufungua chupa.

Sasa aliielewa hila yake. Alitaka mkwewe aonekane kizee asiyefaa kitu, ahamishiwe chumba cha uani. Ndiyo maana kila jioni alipita na ile sauti ya asali: "Zimebaki ngapi, baba?"

"Usimsingizie mtoto wa watu," mkewe alisema, macho kwenye mboga alizokuwa akizichambua.

"Nikimshika, mwanao atachagua: mimi au yeye."

Alasiri aliaga kwamba anakwenda kunyoa. Alitoka getini, akazunguka ukuta polepole, akarudi kwa mlango wa jikoni. Fimbo aliibeba kwapani isigonge sakafu. Sebuleni kimya. Mlango wa chumba chake, aliouacha umefungwa, ulikuwa umeegeshwa tu. Akachungulia.

Mkaza mwana alikuwa dirishani, akilinda njia ya getini. Aliyeketi mezani, kibano mkononi, alikuwa mkewe.

"Leo pinda tano, mama," mkaza mwana alinong'ona. "Asubuhi amefunga vifungo vya shati mwenyewe, kwa mkono ule ule wa kulia."

"Nikizivunja je?"

"Vunja tu. Nimenunua vijiwe vibovu vingine vinne, viko kabatini."