Kitambi cha Huseni

Asubuhi hiyo Huseni alichomoa shuka moja tumboni, akajitazama kwenye kioo, akaona bado amenenepa vya kutosha. Zilibaki kanga, kitenge na jaketi la mtumba. Akazikaza kwa mkanda, akavaa kanzu juu, akaenda sokoni Kibiti akijivuta kama mtu aliyeshiba.

Alikuwa anamtaka Hafsa, binti wa Mzee Sadallah mwenye duka la jumla. Na Mzee Sadallah alishatangaza barazani: "Binti yangu simpi mwenye tumbo la njaa. Siku hizi biashara ruksa. Mwanamume bila kitambi, ameshindwa nini?"

Mwenyewe alikuwa na kitambi ambacho watu wa kijijini kwake Ruaruke walikijua kabla hawajamjua yeye. Kiliingia dukani kwanza, yeye akafuata. Na alikitunza: hakumkumbatia mtu hata siku ya Idi, alitoa mkono tu. Halafu mwepesi! Nyuki walipovamia soko aliwapita vijana wote, amekishika kwa mikono miwili, wala hakuhema.

Huseni, muuza mitumba, alikuwa mwembamba kama upondo wa mtumbwi. Basi akajipakia bidhaa yake mwenyewe tumboni. Posa ikapokelewa.

Wiki ile ile akaja sokoni nesi Maimuna wa zahanati, na kipimo cha presha na utepe wa fundi cherehani, kufundisha habari za unene.

"Mafuta ya mwili si yote sawa," alisema. "Ya nyonga hayana fujo sana. Ya tumboni ndiyo balaa. Yanalisonga ini, sukari inajaa kwenye damu, presha inapanda, moyo unasukuma mpaka unachoka. Mtu anaanguka na tonge mkononi."

Wa kwanza kupimwa alikuwa shangazi Biasha, dada yake Sadallah, aliyemlea Hafsa tangu mama yake afariki. Nyonga zake zilimaliza utepe. Presha ikawa safi kama ya msichana. Akajipiga kofi la nyonga kwa furaha, kisha akamsukuma Huseni mbele.

Nesi alizungusha utepe juu ya kanzu, akabonyeza.

"Mbona gumu hivi?"

"Nimetoka kula sasa hivi, sista. Muhogo."

Akamshika mkono kuhesabu mapigo. Kwa hofu ya kuumbuka, moyo wa Huseni ulikimbia kama kuku aliyeona kisu. Nesi akatikisa kichwa. "Mnaona? Hii ndiyo kazi ya kitambi."

"Weee!" akaruka shangazi. "Mtoto wangu simtoi akakae eda kabla hina haijamtoka mikononi. Kitambi kiishe, la sivyo posa yako nairudisha!"

Basi Huseni akapungua. Alikimbia asubuhi hadharani, akala kisamvu kitupu mbele za watu, na kila baada ya siku chache nguo moja ikarudi kwenye meza yake ya mitumba. Kitenge kikapata mteja. Jaketi likaenda na mwalimu mmoja wa Mbuchi. Mwezi haujaisha, tumbo limelala kama ubao. Nesi akampima tena, mapigo yametulia, akampigia makofi sokoni. Wenye vitambi wakaanza kumfuata wakimnong'oneza wauziwe dawa.

Shangazi Biasha akamgeukia kaka yake. "Kijana ameweza. Wewe je, kaka? Ijumaa nesi anakupima, na kanzu unavua. Bila hivyo ndoa haifungwi. Wifi yangu nimemzika, wewe sikuziki."

"Mimi nivuliwe kanzu sokoni?" alifoka Sadallah. "Mimi? Basi na isifungwe!"

"Na isifungwe!"

Hafsa akaingia ndani analia. Huseni akabaki amesimama, mchumba anamponyoka kwa kitambi kisicho chake.

Alasiri Mzee Sadallah akamwita Huseni ghalani. Akafunga mlango, akatia komeo, akamkazia macho.

"Tumbo halipungui hivyo, kijana. Hili jambo nalijua. Sema kweli."

Huseni akapiga magoti kwenye vumbi la unga. "Zilikuwa nguo, baba. Nguo tupu. Nisamehe, nampenda Hafsa."

Mzee akasogea mlangoni. Akachungulia kwenye ufa wa mlango, akarudi, akapandisha kanzu yake mpaka kifuani.

"Wewe ulikuwa na bahati, ulichomoa nguo moja moja," akanong'ona. "Wangu ni mto mmoja wa sufi. Hebu nisaidie, mwanangu, nitaupunguzaje kabla ya Ijumaa?"