Taya Katika Tope

"Babu, hebu tazama mwenyewe," alisema mjukuu wangu Maren, akinisogezea hadubini.

Katika tope la kale la ziwa letu la mlimani, taya za mabuu ya usubi zilijaa tele, zimepinda kama kucha za paka. Katika tope la tangu 1957 haikuwemo hata moja. Mwaka huo ndimi niliyepandisha samaki aina ya trauti huko kwa nyumbu wa mizigo, ndani ya madebe ya maziwa, nao wakayamaliza mabuu. Safari hiyo nimeijivunia kila Krismasi.

"Kwenye ripoti nitaandika samaki waliletwa na mtu asiyejulikana."

"Asiyejulikana? Nimekulea useme uongo?"

"Babu nawe! Nakusitiri, halafu unanigombeza?"

Nilimpenda mno kwa hilo. Kisha nikamwomba kalamu, niandike jina langu.