Mtetezi wa Mkwe

"Wekeni vyuma chini," mama alisema. "Hakuna anayetoka hapa kabla mtu huyo hajatetewa."

Wanawe wawili walitazamana. Mkubwa, fundi wa magari, akaegemeza mtaimbo wake ukutani. Mdogo alibaki ameng'ang'ania bomba.

Mtaani walimwita mama yao Hakimu. Kwake hata kikombe kikivunjika, mtoto mmoja alishtaki na mwingine alitetea, na kutetea kivivu kulikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja kikombe. Uongo ndio usiseme kabisa. Ukishindwa kwa hoja, unakubali na kunyamaza. Ndivyo alivyowalea wote watatu.

Sasa yule wa tatu, binti wa mwisho, alikuwa hajaonekana tangu Ijumaa. Mumewe alisema hajui aliko.

"Mkwe wangu nitamtetea mimi," mama alisema, akivuta kiti. "Haya, shtakini."

"Mama, yule ni muuaji!" mdogo alifoka.

"Hilo ni tusi, si hoja. Umeona nini?"

"Ndala ya dada. Tumeikuta mtaroni, nyuma ya nyumba yao."

"Ndala hukatika kamba, mtu akaitupa."

"Haijakatika. Ina damu."

"Pengine alijikwaa. Kwani majirani walisikia chochote?"

Mkubwa aliinua kichwa. Hilo alikuwa amelisahau. "Walisikia. Dada alilia akiomba msaada, halafu kimya."

"Ugomvi wa mke na mume si kifo. Au aliwahi kumtishia maisha?"

"Aliwahi! Mbele yangu mimi! Alisema siku dada akitaka kuondoka, ataondoka amebebwa."

Mama alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu.

"Basi labda alimponyoka," alisema. "Msichana mwenye akili zake angekimbilia kwa mama yake."

"Mama, angekuwa amekimbilia kwako, si ungetuambia?" Mdogo alijifuta macho kwa mkono ule ule wenye bomba.

Mama alimnyooshea ncha ya kanga yake.

"Mtetezi ana jingine?" mkubwa aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza msibani.

"Sina. Mmenishinda."

Tangu wazaliwe hawakuwahi kumshinda. Mkubwa alisimama pale akingoja aambiwe waende polisi kwanza, au walale juu ya hasira, au lolote lile ambalo mama yeyote angesema. Mama alikuwa anapangusa meza.

Mkubwa akachukua mtaimbo wake.

Mlangoni mdogo aligeuka. "Utusamehe, mama."

"Angalieni barabarani," mama alisema. "Msiendeshe kwa hasira."

Alisubiri mpaka mngurumo wa pikipiki ukapotea kabisa. Kisha akapakua supu, akaipuliza ipoe, akaingia nayo chumba cha nyuma. Akaketi ukingoni mwa kitanda na kumlisha binti yake kwa kijiko, kupitia upande wa mdomo ambao haukuvimba.

"Kunywa polepole, mwanangu," alisema. "Kaka zako hawatachelewa."